Upinde mwepesi si mchezo wa watoto



Nami natoa dukuduku langu juu ya jambo ambalo vijana wa kijijini kwetu wamelizungumza sana tangu mabucha ya nyamapori yaliporuhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020. Vijana hao wanauliza: ikiwa nyama ya porini inauzwa buchani kihalali, kwa nini na sisi tusipewe vibali vya kuwinda kwa pinde za wazee wetu, tena pinde nyepesi zisizo na madhara kwa mtu wala mnyama? Baadhi ya wazee wakawacheka, wakasema upinde mwepesi hauui kitu, ni mchezo wa watoto wachungao mbuzi.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na hao wanaosema hauna madhara wamekosea zaidi.

Kwanza nieleweke. Simshawishi mtu yeyote aingie porini. Anayeua mnyama pori bila leseni au kibali amevunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ilivyokuwa kosa chini ya ile ya mwaka 1974. Lakini nikiwa mtoto, katika vichaka vya Itigi, nililelewa na babu aliyekuwa mpiga upinde, na wakati ule, sitaki kujifanya malaika, hakuna aliyetuuliza karatasi.

Babu alikuwa tayari mzee, mabega yameisha nguvu. Upinde wake wa ujana aliwapa wanawe, akajichongea mwingine wa mti wa mkole, mwembamba, ambao hata mimi niliweza kuuvuta mpaka shavuni. Kwa upinde huo alileta nyumbani kanga, sungura, pimbi na digidigi, mara nyingi kuliko wanawe wenye pinde nzito. Siri yake haikuwa uganga. Vichaka vya Itigi ni vizito, huoni mbali, na babu hakuachia mshale mpaka mnyama awe ndani ya hatua kumi, au kumi na mbili ikizidi sana. Angeweza kukaa asubuhi nzima nyuma ya mti mmoja, upepo ukimpiga usoni, na digidigi akitokea hatua ishirini anamwacha apite. Nilikuwa nakasirika sana. Yeye alikuwa anarudi nyumbani mikono mitupu na kulala usingizi mzuri.

Mwaka 1966, nikiwa na umri wa miaka 12, niliuchukua upinde huo bila ruhusa. Nikamkuta pongo dume amesimama kwenye uwazi, kama hatua thelathini. Nikampiga. Mshale uliingia juu ya bega, ukagonga mfupa, ukabaki unaning'inia. Pongo akaondoka nao. Nilifuata damu mpaka jua likazama, na kesho yake babu akafuata nami, hakusema neno. Siku ya tatu tulimkuta amekufa, fisi wamekwisha kula nusu, na mahali alipokuwa amelala usiku uliotangulia majani yalikuwa yamechimbwa kwa kwato. Babu aliniambia niyatazame majani hayo. Halafu aliupachika upinde darini na sikuugusa mpaka mvua nyingine.

Ndiyo maana nashangaa nikisikia kwamba upinde mwepesi hauna madhara. Risasi huua kwa kishindo na kuvunja. Mshale huua kwa kukata, damu ikamwagika. Upinde wenye nguvu unaweza kumsamehe mwindaji aliyekosea kidogo, kwa kuwa mshale wake hupenya hata kama kigumba si kikali sana. Upinde mwepesi hausamehi. Unadai kigumba chembamba chenye makali ya wembe, unadai mnyama akupe ubavu na si kifua wala bega, na zaidi ya yote unadai ukaribu. Mshale wake huenda polepole, wakati mlio wa upote hukimbia haraka kuliko mshale wowote. Katika hatua thelathini mnyama amekwisha sikia na kujikunja kabla mshale haujafika. Ulilenga moyo, umepata tumbo.

Vijana wengine watanijibu kuwa Wasani wa Kalahari wanaangusha wanyama wakubwa, hata pofu, kwa pinde ndogo ambazo nguvu yake ni kama kilo 10 tu. Ni kweli kabisa. Lakini hawakuambiwa sehemu iliyobaki. Upinde wa Msani hauui pofu. Kazi yake ni kupeleka sumu tu, sumu itokanayo na viluwiluwi vya mdudu, na mshale umetengenezwa ili ncha ibaki mwilini na uti uanguke. Baada ya hapo mwindaji hufuata nyayo, pengine siku nzima, pengine zaidi. Anayetaka upinde wa Msani achukue pia miguu ya Msani na macho yake ya kusoma nyayo mchangani. Ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana sumu, na bado pinde zao ni nzito, kilo 30 hivi. Na Waata wa upande wa Tsavo, waliowinda tembo, walivuta pinde zilizopita ratili 100, pamoja na sumu kali ya msunguti. Kila watu walipima upinde wao kulingana na mnyama na pori lao. Hakuna aliyeokota upinde na kwenda kubahatisha.

Na kuhusu sumu, naomba tusidanganyane. Kijana anayeshindwa kusogea hatua kumi hatapona kwa kupaka sumu kwenye mshale, maana mnyama atakimbilia mbali na kufa asikoonekana. Sumu hiyo ikimchoma yeye mwenyewe kidoleni hatapata wa kumsaidia kule porini. Sheria imekataza silaha zenye sumu, na katika hili naiunga mkono moja kwa moja.

Basi iwapo siku moja wahusika watafikiria vibali vya upinde, maoni yangu ni kwamba upinde upimwe kwanza, na mtu apimwe pia. Kupima upinde ni kazi rahisi. Mwaka 1983, nilipokuwa nafundisha hesabu darasa la sita, tuliuning'iniza upinde kwenye tawi la mwembe, tukafunga ndoo kwenye upote, tukamimina maji lita moja moja mpaka upote ukashuka kiasi kile anachovuta mpigaji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito wa ndoo unaongezwa. Upinde mfano wa ule wa babu, niliouchonga mwenyewe, ulifika kilo 14. Majimbo kadhaa ya Marekani yamewawekea wawindaji wa kulungu kiwango cha chini, kwa mfano ratili 40, yaani kama kilo 18. Kwa hesabu hiyo upinde wa babu ungekuwa wa kanga, sungura na digidigi, basi. Mwenye nao akikutwa anamfuatilia pongo, anyang'anywe kibali.

Mtu naye apewe mishale mitano na gunia lililojazwa majani hatua kumi na mbili kutoka aliposimama. Atakayeingiza yote mitano kwenye duara la ukubwa wa sahani ya chai, huyo tuzungumze naye. Nimewajaribu vijana sita waliokuwa wanapiga kelele sana mkutanoni. Aliyefanya vizuri aliingiza miwili.

Mjukuu wangu anaingiza mitatu. Ananiomba kila jioni nimwongezee umbali, nami namsogeza gunia karibu zaidi.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Itigi, Manyoni.