Darubini Si Namba, ni Mkono

Wasee, leo nitakanyaga watu vidole. Naongelea darubini za kuangalia ndege. Ndege wa manyoya, si wa JKIA.

Kila wiki naulizwa swali moja: "Nimechanga pesa kiasi, ninunue 8x42 ama 10x42?" Na kila wiki kuna mjuaji kwa komenti: "Chukua 10, inavuta zaidi." Huyo mjuaji anawapoteza. Najua kwa sababu mimi ndiye alianza kunipoteza.

Nilichanga miezi saba, pesa za kupiga picha harusi za watu. Nikanunua 10x42 bila hata kuishika. Si 10 ni kubwa kuliko 8? Asubuhi ya kwanza Karura, kila mtu anaangalia juu ya mti, kuna turako wa Hartlaub. Mimi naona tu majani yanatetemeka. Na hakukuwa na upepo, ilikuwa mikono yangu. Gurudumu la kufokasi nalo limekaza kama kifuniko cha jemu. Nikipata picha safi, ndege ashaenda. Auntie mmoja na 8x yake iliyochakaa alimwona mpaka akiruka, mabawa mekundu yote nje. Mimi nikarudi nyumbani na stori ya mtu mwingine.

Hesabu ni rahisi. 10x inakuza ndege, na inakuza pia mtetemo wa mkono wako. Gawanya 42 kwa 8, unapata milimita 5.25: huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwa 10 unapata 4.2. Msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utajua tofauti. Halafu kwa kawaida 8x inakuonyesha eneo pana zaidi, kwa hivyo ndege akiruka tawi hadi tawi hakupotei.

Na bei? Usidhani ghali ndiyo bora kwa kila kitu. Chukua Nikon mbili za 8x42. Monarch M5 ni ya bei ya juu kuliko Prostaff P7, na lenzi zake ni bora. Lakini P7 ni nyepesi kidogo, karibu gramu 590 dhidi ya 630, na inaona pana zaidi: nyuzi 7.2 dhidi ya 6.4. M5 nayo inafokasi karibu zaidi, mita 2.5, wakati P7 inataka 4. Vortex Diamondback HD inashuka hadi mita 1.5, hata kipepeo mbele ya viatu vyako unamwona. Sasa niambie, mshindi ni nani? Hakuna, mpaka uzishike.

Sikatai, 10x ina kazi yake. Ukikaa kando ya ziwa kuangalia ndege wa mbali waliotulia, itakufaa. Lakini ya kwanza, ya kuzunguka nayo mtini na vichakani? Hapana.

Kwa hivyo ukienda dukani, usisome boksi. Ishike dakika tano bila kushusha. Kidole kinafika kwa gurudumu bila kutafuta? Linazunguka laini? Unavaa miwani? Shusha zile raba za macho uone kama bado unapata duara zima ama ukingo mweusi. Muuzaji akikataa uijaribu, rudisha pesa mfukoni. Ama uende matembezi ya ndege ya Nature Kenya Jumatano asubuhi, uombe wenzako uonje zao.

Hii nchi ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na vijana wengi wa Nairobi wanajua kunguru na marabou tu. Wengine walijaribu, wakanunua namba kubwa, hawakuona kitu, wakasema hii ni hobi ya watalii. Ni uongo. Waliuziwa kitu kisichowatosha mkononi, basi.

Yangu nimeiuza. Sasa nina 8x ya mtumba. Turako bado namtafuta.