Fundi wa Baiskeli na Uchumi wa Nyumba

Ukitaka kujua jinsi familia za Tunduma, Vwawa na Mlowo zilivyoishi katika miaka ya 1970 na 1980, usianzie benki wala ofisini. Anzia kwenye duka la baiskeli.

Barazani mwa duka la namna hiyo zilining'inia tairi za inchi 28, ringi na minyororo. Ndani ya vikopo zilihifadhiwa gololi na spoki. Kando alikaa fundi na beseni lake la maji ya kutafutia pancha. Mbele yake zilipita Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China na Swala iliyoundwa Dar es Salaam.

Hivyo havikuwa vyombo vya starehe. Baiskeli ilipeleka mahindi mashineni, kahawa ya Mbozi ghalani, mgonjwa zahanati na bidhaa hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ni kweli kwamba Tunduma ilikuwa na barabara kuu ya Zambia, tena ikapata reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Lakini treni haikumfikisha mtu mlangoni kwake. Safari iliyobaki ilikuwa ya miguu au ya baiskeli.

Wengi hudhani kazi ya fundi ni kuziba pancha tu. La hasha! Mtihani wake hasa ni kunyoosha gurudumu. Baiskeli kubwa za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo libebalo mzigo na kupokea nguvu za mpanda baiskeli. Spoki moja ikikazwa kupita kiasi, ringi huvutwa upande. Ikilegea, jirani zake huelemewa mpaka zikatike. Kijana aliyejifunza kazi hiyo alijifunza pia subira.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipungukiwa sana na fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika. Hapo ndipo ufundi ulipopimwa. Tairi iliyochanika ilishonwa, na kipande cha tairi kuukuu kikawekwa ndani yake ili isukumwe miezi mingine. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na vitu vikaanza kurejea madukani. Lakini bidhaa kuwapo dukani si sawa na fedha kuwapo mfukoni. Kwa hiyo daftari la mwenye duka lilikuwa na thamani kubwa: mkulima alichukua tairi leo, akalipa baada ya kuuza kahawa. Dhamana yake ilikuwa uso wake na jina la ukoo wake.

Leo vijana wengi wamehamia kwenye pikipiki, hasa tangu kanuni za 2010 zilipohalalisha kubeba abiria kwa pikipiki. Hatuwalaumu, nao wanatafuta riziki. Lakini pikipiki hudai petroli kila siku, hali baiskeli hudai grisi na mkono wa fundi. Fundi wa mwisho wa mtaa akifunga duka, baiskeli iliyopungukiwa gololi chache huegemezwa ukutani, na mtoto aliyekuwa akiipanda kwenda shule huanza tena kutembea. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote, ingawa mama huiona kila alfajiri anapomwamsha mtoto mapema zaidi.

Wazazi, Jumapili ya leo ipindueni baiskeli ya nyumbani, mkawafundishe watoto, wa kike na wa kiume, kuziba pancha na kupaka mnyororo mafuta. Na kama mtaani kwenu yungali fundi mzee, mpelekeeni kazi, mlipeni haki yake, na mpelekeeni pia kijana wa kurithi ufundi wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.