Yumo kwenye takwimu, kusoma hajui

Mzazi mwenzangu, tangu 1990 Umoja wa Mataifa hupima maendeleo ya watu kwa mambo matatu: umri wa kuishi, elimu na kipato. Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan aliyekianzisha kipimo hicho, aliona fedha peke yake hazitoshi. Sawa kabisa. Lakini kinahesabu miaka ya kukaa darasani, hakiulizi mtoto amejua nini, na serikali hukimbilia kinachohesabiwa. Tanzania ilipofuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yalifurika.

Binti yangu yuko darasa la nne. Juzi nilimpa bahasha ya dawa ya mdogo wake anisomee. Akakwama kwenye "kutwa mara tatu". Kwenye takwimu, yumo. Sasa kila usiku baada ya kula tunarudia silabi, mezani.