Pazia la Kuviringisha na Hatari ya Kitanzi

Watu wengi hudhani kuwa fizikia ni jambo la maabara tu, na kwamba vyombo vya nyumbani havina la kumfundisha mwanafunzi. Dhana hiyo ina gharama yake. Mtu asiyejua chombo chake hufanyaje kazi hawezi kukichagua vyema, wala kuitambua hatari iliyomo. Mfano mmoja ni pazia la kuviringisha, yaani lile pazia la kitambaa kilichonyooka ambalo hujizungushia kwenye mrija uliofungwa juu ya dirisha, na ambalo siku hizi huonekana katika ofisi na nyumba za miji yetu.

Pazia hili huendeshwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni njia ya springi, ambayo Mmarekani Stewart Hartshorn aliipatia hataza mwaka 1864. Ndani ya mrija hukaa springi ndefu ya msokoto. Mtu avutapo pazia chini, mrija huzunguka na springi hukazwa. Kazi ifanywayo na mkono hugeuka kuwa nishati iliyohifadhiwa. Mwishoni mwa mrija mna gurudumu la meno na kipande kidogo cha chuma kinachocheza. Pazia likiachwa taratibu, kipande hicho huanguka kwa uzito wake katikati ya meno, na mrija hauzunguki tena. Likivutwa kidogo kisha likaachiwa, kipande hutoka, mrija huzunguka kwa kasi, na kasi hiyo yenyewe hukitupa nje kisiweze kunasa. Pazia hupanda lote, wala hapana kamba inayohitajika.

Njia ya pili ni ya mnyororo wa vishanga ulioungana ncha zake. Mnyororo huo huzungusha gurudumu lililo mwishoni mwa mrija. Ndani yake springi ndogo hukumbatia mhimili usiozunguka. Uzito wa pazia ukijaribu kuliteremsha, springi hizo hubana zaidi na kulizuia. Mkono ukivuta mnyororo, hulegea na kuruhusu mwendo. Ni ufundi wa kusifiwa, kwani pazia husimama popote litakiwapo.

Hata hivyo, mnyororo ulioungana ncha zake ni kitanzi. Mtoto mdogo akiingiza kichwa humo kisha akateleza, uzito wa mwili wake mwenyewe hukaza kitanzi shingoni. Hana nguvu za kujinasua, na mara nyingi hawezi hata kupiga kelele. Huzimia upesi, na kifo huweza kufuata katika dakika chache. Kwa sababu ya vifo vya namna hii, Ulaya iliimarisha viwango vyake mwaka 2014. Nchini Marekani, viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2018 vinataka mapazia yauzwayo yakiwa tayari dukani yasiwe na kamba za kuendeshea, au kamba zake ziwe fupi au zisizofikiwa na mtoto.

Maoni yetu ni kwamba nasi hatuna budi kulikataa pazia la kitanzi popote alipo mtoto mdogo. Wako watakaosema kuwa springi hulegea kwa miaka, au kwamba pazia hupanda kwa kishindo. Ni kweli, lakini springi huweza kukazwa upya, na zipo zenye kizuizi cha kupunguza kasi. Kwa dirisha pana, mpini mgumu wa kuzungushia hutosha. Usumbufu wa namna hiyo haulingani na uhai wa mtoto.

Pale ambapo mnyororo umekwisha kufungwa, na ushikizwe ukutani kwa kishikizo madhubuti ukiwa umekazwa, usiache nafasi ya kupitisha kichwa. Kitanda, kiti au meza visiwekwe chini ya dirisha hilo, maana mtoto hupanda.

Mwalimu wa fizikia anao mchango wake. Awaulize wanafunzi: ikiwa mrija una kipenyo cha sentimita 4, utazunguka mara ngapi pazia likishuka mita 1.5? Tusipohesabu unene wa kitambaa, jibu ni karibu mara 12. Na ikiwa kani ya kuvuta ni wastani wa nyutoni 15, kazi iliyofanywa ni jouli 22.5. Kisha awaulize swali zito zaidi: kwa nini inafaa springi iongeze nguvu kadiri pazia linavyoshuka? Atakayegundua kuwa kitambaa kinachoning'inia nacho huzidi uzito, amekwisha kuanza kufikiri kama fundi.

Mwanafunzi wa namna hiyo, atakapotumwa dukani, hatatazama rangi ya kitambaa peke yake. Atauliza pia: pazia hili huendeshwaje?