Usione Vyaelea: Droni, Vilima vya Machakos na Kazi ya Msimulizi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa pwani, mbele ya vyombo vilivyokwisha kushushwa majini, lakini leo inafaa kutajwa mbali na bahari, katika vilima vya Machakos. Tangu Kenya ilipoweka kanuni za mwaka 2020 za kusimamia ndege zisizo na rubani, filamu fupi za angani zimekuwa njia ya kawaida ya kuzitangaza sehemu za kihistoria na mashamba ya nchi hii. Droni huinuka, vilima vya Iveti na Mua vikajitandaza, paa za mabati zikametameta, matuta ya mashamba yakajipanga kama mistari ya kiganja. Muziki hupigwa, kisha filamu hukoma. Mtazamaji ameoneshwa mengi wala hajaambiwa neno. Makala haya yanadai kwamba filamu ya namna hiyo ni nusu ya kazi, na kwamba nusu iliyosalia ni wajibu wa wataalamu wa Kiswahili, ambao hadi sasa wameiacha mikononi mwa wenye mitambo.

Tuanze na jina lenyewe, maana jina huficha hoja. Katika Kenya neno linalosikika zaidi ni droni, huku wanahabari wakipendelea ndege isiyo na rubani. Tanzania nako jina la ndege nyuki limeenea. Jina hili la tatu ndilo lililo karibu zaidi na asili, kwa kuwa neno la Kiingereza lililotoholewa lina maana ya nyuki dume. Wakamba, ambao tangu jadi wametundika mizinga mitini, hawahitaji kufunzwa tabia za nyuki huyo. Huruka na kuvuma kama wenzake, lakini hakusanyi asali. Asali huletwa na nyuki watendakazi, wanaokwenda ua kwa ua. Vivyo hivyo, chombo kinachovuma juu ya Kangundo au Masii hakileti maana. Maana hukusanywa na mtu anayekwenda boma kwa boma, akauliza na kusikiliza.

Mwanafunzi wa fasihi ana istilahi nzuri ya kulieleza jambo hili. Katika riwaya, msimulizi maizi ni yule ajuaye yote: huingia katika kila nyumba na katika kila moyo. Droni humhadaa mtazamaji aamini kwamba amepewa msimulizi wa namna hiyo, ilhali alichopewa ni jicho tu. Jicho hili linaona paa zote wala halijui kilio wala kicheko kilicho chini ya paa hata moja. Lina upeo wa msimulizi maizi bila ujuzi wake. Tena, linapotazama wima kuelekea chini, huufanya mlima na bonde kuwa kitu bapa. Kule Kituluni, mahali panapojulikana kwa jina la Kyamwilu, wageni humwaga maji barabarani wakayaona kana kwamba yanapanda mlima. Wataalamu wanaeleza kwamba hayo ni mazingaombwe ya macho yanayotokana na umbo la nchi iliyozunguka mahali hapo. Wenyeji nao wana simulizi yao kuhusu asili ya ajabu hiyo. Jicho la juu likitazama hapo wima litaona kipande cha lami. Litakosa maelezo ya mtaalamu, litakosa simulizi ya mwenyeji, na hata lile ajabu lenyewe litatoweka.

Mfano mzito zaidi ni matuta ya mashamba, yale ambayo wapigaji filamu huyapenda kwa uzuri wake. Mnamo mwaka 1937, Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu Machakos, akaieleza kama nchi iliyokuwa ikigeuka kuwa mawe na mchanga. Aliyesoma ripoti hiyo wakati ule angetarajia kwamba baada ya miongo michache hapangesalia kitu. Lakini mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliozilinganisha picha zilizopigwa miaka ya 1930 na hali ya sehemu zizo hizo zaidi ya nusu karne baadaye. Ilibainika kwamba idadi ya watu katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos ilikuwa imeongezeka takriban mara sita, na mmomonyoko ulikuwa umepungua badala ya kuzidi. Miteremko iliyokuwa imechunika ilikuwa imevikwa matuta na miti.

Nani aliyeyaunda matuta hayo? Kwa sehemu kubwa ni vikundi vya mwethya, yaani ushirika wa kazi wa Wakamba, ambamo wanawake walikuwa wengi. Waliyachimba kwa majembe na sululu, familia moja ikisaidiwa leo na nyingine kesho. Njia waliyoieneza huitwa fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kuufuata usawa wa mteremko, akautupa udongo upande wa juu ili ufanye ukingo, na kwa kadiri mvua inavyoukusanya udongo nyuma ya ukingo huo, mteremko hugeuka ngazi. Wapenzi wa Kiswahili watafurahi kukumbuka kwamba maneno haya mawili hayakutafsiriwa. Vitabu vya kilimo vilivyoandikwa kwa Kiingereza, hata vinavyohusu Ethiopia, huyaandika vivyo hivyo kwa Kiswahili. Kumbe lugha hii iliipa dunia istilahi kutoka mteremko wa Ukambani, na filamu zinazoonyesha mteremko huo huo hazina hata neno moja la Kiswahili!

Hapa ndipo methali inapotimia. Matuta yanaonekana kana kwamba yanaelea chini ya droni, lakini yameundwa. Mtazamaji asiyeambiwa hivyo atadhani ni pambo la maumbile, kama mawimbi ya mchanga. Kumnyima simulizi ni kuwadhulumu waliochimba jasho lao.

Dhuluma ya namna hiyo si ngeni Machakos, na historia inaonya kwamba kuitazama nchi bila kuwasikiliza wakaao humo kunaweza kuzaa makubwa kuliko filamu mbovu. Wakoloni waliutazama mmomonyoko uliotajwa na Maher wakakata shauri kwamba mkosaji ni ng'ombe wa Mkamba. Hawakuuliza ni malisho mangapi yaliyokuwa yamechukuliwa na walowezi. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya watu mifugo yao na kuiuza, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu na chama chao cha Ukamba Members Association, walikwenda Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kusikilizwa na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu; lakini upunguzaji wa mifugo kwa nguvu ulisimamishwa. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake. Je, ni filamu ngapi za angani za Machakos zinazomtaja? Ardhi inayooneshwa kwa fahari ndiyo ile aliyohamishwa kwa ajili yake.

Aidha, droni ina upendeleo wake katika kuchagua kilicho cha kihistoria. Huona kilichojengwa kwa mawe na kuezekwa. Kwa sababu hiyo, majengo ya enzi za ukoloni na makanisa ya zamani huipata nafasi yake kwa urahisi. Ni haki yapate, kwani Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla ya shughuli hizo kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899, reli ilipoupita mji huu kando. Kule Kilimambogo vilevile, kaburi la William Northrup McMillan, tajiri aliyefariki mwaka 1925, linafahamika na hutembelewa. Lakini urithi wa Wakamba wenyewe mara nyingi haukujengwa kwa mawe. Ithembo, mahali patakatifu pa kutolea sadaka na kuombea mvua, ukiitazama kutoka juu ni kichaka cha miti kama vichaka vingine. Njia za misafara iliyotoka Mombasa, zilizokifikisha Kiswahili bara kabla ya shule kukifikisha, zimekwisha kumezwa na mashamba. Masaku, kiongozi ambaye mji umelichukua jina lake, anaishi zaidi katika vinywa vya watu kuliko katika mawe. Naye Syokimau, nabii wa kike, simulizi zinasema aliiona reli ikija kama nyoka mrefu kabla mtu yeyote hajaileta. Leo stesheni iliyofunguliwa mwaka 2012 ina jina lake. Abiria wengi hushuka hapo bila kujua kwamba wametua ndani ya utabiri. Hakuna kamera inayoweza kuuonyesha utabiri. Huo husemwa.

Wapo watakaopinga kwamba picha njema hujieleza, na kwamba maneno mengi huuchosha mtazamaji wa leo. Hoja hiyo ina ukweli wake, wala makala haya hayaombi droni zitupwe. Chombo hiki kimewawezesha vijana wasio na fedha za kukodi helikopta kuirekodi nchi yao. Kinaweza kumwonyesha mzee asiyeweza tena kupanda kilima mpangilio wote wa matuta aliyoshiriki kuyachimba akiwa kijana. Kinaweza pia kutoa ushahidi: mito ya msimu inayochimbwa mchanga kupita kiasi huonekana vizuri zaidi kutoka juu, na ushahidi huo huwafaa wanakijiji kuliko malalamiko matupu. Hata hivyo, faida zote hizo hukamilika pale tu mtu anapoeleza kinachoonekana. Picha ya mto uliochimbwa bila jina la mto, bila tarehe na bila kauli ya anayeyachota maji hapo, ni picha ya shimo.

Lipo pia suala la adabu. Katika utamaduni wa Waswahili na wa majirani zao, mgeni hubisha hodi, akangoja kukaribishwa. Droni haina mlango wa kubishia. Huingia kwa juu, ikamkuta mama akianua nguo, watoto wakioga uani, wazee wakiwa na shughuli yao. Ni kweli kwamba macho hayana pazia; lakini methali hiyo huelezea udhaifu wa macho, haitoi ruhusa. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeongeza kinga juu yake. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga humruhusu mtu kurusha chombo. Hakimwondolei deni la hodi. Kwa sehemu kama ithembo deni hilo ni kubwa zaidi, na jibu la wazee linaweza kuwa la. Mpigaji filamu mwungwana hulikubali.

Basi lifanyike nini? Kwanza, mswada utangulie safari ya angani. Anayetaka kuirekodi Mwala au Kathiani aanze kwa kukaa na wenyeji, akusanye majina, simulizi na masahihisho yao, ndipo aamue ni mteremko upi unaostahili kupigwa picha na kwa nini. Pili, majina ya mahali yatamkwe na yafafanuliwe. Kiima Kimwe maana yake ni mlima mmoja, na Kilimambogo ni Kiswahili kitupu cha kilima cha mbogo. Mtazamaji akiyajua hayo huitazama ardhi kwa jicho jingine. Tatu, Kikamba kisikike. Kiswahili hakipungukiwi na kitu mzee anapoongea kwa lugha yake, kisha msimulizi akamfasiri. Ibara ya 7 ya Katiba inaipa serikali jukumu la kukuza lugha za kiasili. Nne, idara za Kiswahili vyuoni zilipe somo la fasihi simulizi mkono mpya: pamoja na ripoti za nyanjani, mwanafunzi aandike mswada wa filamu ya kumbukumbu, na nakala ya filamu irudi kwa jamii iliyorekodiwa.

Baada ya mwaka 2013 Machakos iliwahi kujinadi kuwa mji wa filamu chini ya mpango ulioitwa Machawood. Somo linalobaki ni kwamba mitambo, viwanja na mandhari havitoshi bila waandishi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina waandishi, wafasiri na watafiti wa fasihi simulizi ambao huhitimu kila mwaka wakilalamika kwamba hakuna kazi. Kazi ipo, na mahali pake pa kuanzia ni miteremko ambayo dunia imeiita kwa Kiswahili bila kuombwa. Waliofahamu namna matuta yale yalivyoundwa wanazidi kuzeeka. Droni inaweza kurushwa hata mwaka ujao au miaka kumi ijayo, na vilima vitakuwa pale pale. Wazee hawatakuwapo. Anayejua kuuliza na kuandika na aende sasa, abishe hodi.