Mizani iingie sokoni, lumbesa itoke

Mkulima wa Usa River akipeleka kahawa yake chama cha msingi, hupimiwa kwa kilo. Maziwa yake huuzwa kwa lita. Lakini akivuna mahindi au maharage, mambo hubadilika. Hapo kipimo ni debe lililojazwa mpaka likaota kichwa, au gunia la lumbesa lililoongezwa kilemba juu. Nyanya huenda kwa tenga na ndizi kwa mkungu.

Hasara yake si ndogo. Gunia huhesabiwa kuwa debe sita. Mnunuzi akidai debe moja la nyongeza kwa kila gunia, mkulima anayeuza magunia sita ametoa gunia la saba bure. Mbegu, mbolea na vibarua vya gunia hilo amelipa yeye. Njaa ikibisha hodi, mkulima huyo huyo hurudi sokoni kununua mahindi, na safari hii debe hufutwa juu likawa sawasawa.

Wanunuzi husema nyongeza hufidia usafiri na mazao yanayoharibika njiani. Hoja hiyo ina ukweli, lakini mahali pake ni kwenye bei ya kilo, ambako kila mmoja ataiona na kuijadili. Hata mchuuzi mwaminifu huumia, kwa kuwa hawezi kushindana na mwenzake anayeuza kwa sado iliyobonyezwa kitako.

Sheria haikosekani. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 hukagua mizani na kupambana na lumbesa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Tatizo ni kwamba mkulima anayedaiwa ada ya shule hawezi kumgomea mnunuzi peke yake. Akikataa, gari linasogea kwa jirani. Majirani zetu wa Kenya walitoa kanuni mwaka 2019 za kuweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia la viazi, lakini magunia makubwa yaliendelea kuonekana sokoni. Amri bila mizani karibu na shamba haitoshi.

Kwa hiyo kazi ianzie hapa nyumbani. Halmashauri ya Meru, ambayo makao yake yako Usa River na hukusanya ushuru wa masoko, iweke mizani ya wazi iliyokaguliwa katika kila soko na gulio, likiwemo la Tengeru. Vyama vya msingi vilivyozoea kupima kahawa vifungue mizani yao kwa mahindi na maharage pia. Wakulima wa kitongoji kimoja wakubaliane kutouza bila kupima, ili mnunuzi asipate jirani wa kukimbilia.

Kahawa imethibitisha kwamba inawezekana. Mahindi ni jasho la mkulima yule yule, nayo yanastahili kupimwa kwa haki.