Neno likipotea njiani



Mwezi uliopita, mama mmoja wa likelemba yetu aliongea kwa video na mama yake mkubwa aliye Kasongo. Reso ilikuwa mbaya, sura inaganda mdomo wazi, sauti inakatika. Alisikia: "Umlete mtoto." Akatafuta motari, akalipa, mtoto akapelekwa. Walipofika, mama mkubwa akashika kichwa. Yeye alikuwa amesema: "Usimlete mtoto," kwa sababu surua ilikuwa imeingia nyumba ya jirani.

Silabi moja tu, "si", ilipotea njiani. Tunashukuru Mungu, mtoto alikuwa amekwisha kupata chanjo, hakuugua. Lakini feza ya safari ilikwenda bure, na mama huyo hakupata usingizi mpaka mtoto aliporudi.

Tukaulizana kikundini: sauti inapoteaje, na simu inajikinga namna gani?

Simu haipeleki sauti kama maji ya mto yanayokwenda pamoja. Inaikata vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kwa kawaida pakiti moja inabeba sauti ya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde moja. Tufikiri mizigo inayovuka Lualaba kutoka Alunguli: kila mzigo katika mtumbwi wake, na kila mzigo una namba. Namba 6 imefika, namba 8 imefika. Basi anayepokea anajua kwamba 7 imezama.

Kwa ujumbe wa kuandika si shida. Simu inaomba 7 itumwe tena, hata ikichelewa. Lakini mazungumzo hayangoji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti ifike ndani ya milisekunde 150. Ikipita 400, haifai tena kwa maongezi. Ndiyo maana simu huacha pakiti iliyopotea na kuendelea mbele.

Hata hivyo, simu ina kinga yake, na kinga hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Tuseme pakiti tatu ni 4, 7 na 5. Simu inatuma na ya nne, ambayo ni jumla yao: 16. Ile 7 ikizama, simu inayopokea inatoa: 16 − 4 − 5 = 7. Imepatikana! Hesabu yenyewe ya simu ni ya namna nyingine kidogo, lakini fikra ni hiyo. Pia kuna Opus, kanuni ya kufunga sauti iliyokubaliwa mwaka 2012 na inayotumika sana katika simu za intaneti. Hiyo inaweza kuweka ndani ya pakiti ya sasa nakala ndogo ya pakiti iliyotangulia.

Kinga hiyo inakula mega, maana tunatuma mzigo zaidi. Tena ina mpaka. Katika zile nne, zikizama mbili, hesabu haiwezekani. Na "si" ya yule mama mkubwa ilikuwa labda pakiti kumi. Zikizama zote zikifuatana, simu haina la kufanya. Hapo kinga inakuwa sisi wenyewe.

Kwanza, reso ikianza kukatika, tuzime picha, tubaki na sauti. Picha inahitaji nafasi kubwa kuliko sauti, na njia ikiwa nyembamba, pakiti zinasukumana. Kama watoto wanapakua video kwa mega za simu hiyohiyo, wangoje.

Pili, jambo zito tuliseme kwa njia mbili: "Usimlete mtoto. Abaki Kindu." Sentensi ya kwanza ikikatika, ya pili inaiokoa. Sisi walimu tunafanya hivyo kila siku: kwenye dikte, sentensi husomwa zaidi ya mara moja.

Tatu, anayesikia arudishe alichosikia: "Umesema abaki Kindu, ndiyo?" Usione haya kuuliza, hata kama unaongea na mkwe wako. Hasa kwa feza, tarehe, dawa, na kila neno lenye "usi" au "msi".

Nne, mkimaliza, andika mambo makubwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe unaweza kungoja reso irudi, kisha ukafika mzima. Kwa mama asiyesoma, sauti iliyorekodiwa na kutumwa inafaa vilevile, maana nayo inangoja.

Juma hili, katika mkutano wa kikundi, tujaribu mchezo huu: mmoja aseme habari, mwingine azibe masikio kwa sekunde moja katikati, kisha arudishe alichosikia. Tutacheka sana. Lakini mama yule wa safari ya Kasongo hatacheka kama sisi. Yeye sasa hakati simu mpaka amerudisha kila neno.